KINGA YA CHUMA, MWENDO WA SALAMA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani ambaye mara nyingi unausoma ukurasa huu kabla ya bwana,

Umezoea kusoma hapa habari za kofia ngumu, viatu vya usalama, miwani na vinyago vya vumbi. Leo tunatoka nje ya lango. Tunataka kusema nawe juu ya njia unayopita toka nyumbani mpaka kazini, na juu ya kile chombo kilichoegemea ukuta wa nyumba yako: ile baisikeli nzito ya chuma, ya zamani, ambayo labda ina umri kuliko mtoto wako wa kwanza.

Ndugu zetu wa Katanga wanaiita kinga. Huku Kisangani watu wanasema velo, na ikibeba abiria kwa malipo inaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «tupite». Katika Kiswahili cha pwani neno kinga lina maana nyingine: ni kitu cha kuzuia madhara. Tunaomba leo maneno hayo mawili yawe kitu kimoja. Kinga yako iwe kinga yako.

Neno letu ni hili, na tutalitetea mpaka mwisho: baisikeli nzito ya zamani ni chombo kizuri cha kwenda kazini, wala si aibu ya maskini. Lakini uzuri wake unategemea mambo matatu: breki, taa na mzigo. Mwenye kuyapuuza hayo matatu anahatarisha maisha yake kila siku ya kazi, hata kama baisikeli yake ni ya chuma kizuri namna gani.

TOLEKA ILIULISHA MJI

Vijana wa leo wanaicheka baisikeli. Wanasema ni chombo cha watu wa nyuma. Waulize wazee wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo na wa Lubunga, watakueleza.

Vita vilipoanza tena mwaka 1998, biashara ya mtoni ilikatika. Mstari wa vita ulikuwa umekata mto, na meli za kutoka Kinshasa hazikupanda tena kama zamani. Petroli ikawa haba na motokari zikalala. Mwezi wa Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na raia wengi wakafa. Katika miaka ile, nani aliyeleta mchele, mafuta ya mawese, chumvi na sabuni? Ni watu wa baisikeli. Walisukuma mizigo siku nyingi msituni, kwenye barabara ya Buta, ya Ituri na ya Lubutu. Mjini toleka zilibeba wagonjwa kwenda hospitalini, wanafunzi kwenda shuleni, na mama wa soko pamoja na vikapu vyao.

Baisikeli iliyofanya kazi ile haikuwa nyepesi. Unaijua sura yake: magurudumu makubwa ya inchi 28, fremu ya mabomba ya chuma, breki za vyuma virefu badala ya waya, gia moja tu, na uzito wa karibu kilo 20. Umbo hilo lilitoka Uingereza, katika viwanda kama Raleigh ya mji wa Nottingham. Wengine wakalifuata. Flying Pigeon ya Tianjin, China, ilianza mwaka 1950, na mfano wake ulikuwa Raleigh ya mwaka 1932. Hero ya Ludhiana, India, ilianza mwaka 1956. Phoenix ya Shanghai pia unaijua. Majina yanatofautiana, lakini chombo ni kimoja.

Na tusisahau habari ya matairi. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mwishoni mwa miaka ya 1880 kule Belfast. Muda mfupi baadaye Ulaya na Marekani zikawa na njaa kubwa ya mpira, na mpira huo ukatafutwa katika misitu yetu. Katika Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Pili, toka 1885 hadi 1908, babu zetu walilazimishwa kuukusanya kwa fimbo, kwa minyororo na kwa bunduki. Matairi mengi ya siku zile yalizunguka juu ya maumivu yao. Kwa hiyo mtu wa Kongo asione haya kupanda baisikeli. Deni lake limekwisha kulipwa zamani, tena kwa bei kubwa mno.

UZITO SI ADUI

Wengine watasema: «Baisikeli ya kilo 20 inachosha. Nitafika kazini nimekwisha nguvu.» Tufanye hesabu pamoja.

Chukua mtu wa kilo 65. Juu ya baisikeli ya kilo 20, jumla ni kilo 85. Juu ya baisikeli mpya nyepesi ya kilo 12, jumla ni kilo 77. Tofauti ni kilo 8, yaani kama sehemu moja kwa kumi tu. Penye mlima utaiona tofauti hiyo, na hakuna ubaya kushuka na kusukuma. Penye tambarare, na mji wetu kwa sehemu kubwa ni tambarare, huioni sana. Kinachokuchosha penye tambarare ni upepo, ni matope, ni tairi lisilojaa vizuri, na mnyororo uliokauka. Jaza matairi, paka mnyororo mafuta kidogo, kisha ufute yanayozidi ili mchanga usishike. Utashangaa namna mzee huyo wa chuma anavyokwenda.

Chuma kina fadhila nyingine. Kinapinda kabla ya kukatika, na mara nyingi kinakuonya mapema. Fundi aliye chini ya mwembe, mwenye nyundo, spana na gololi za akiba, anaweza kukitengeneza. Hakihitaji kipuri cha kuagizwa kwa ndege. Na baisikeli ndefu yenye magurudumu makubwa inapita mashimo bila kukurusha kama farasi.

Basi usibabaishwe na uzito ule. Mtu anayepakua saruji siku nzima ataogopaje kilo 8?

PIKIPIKI YA MKOPO

Tunajua neno lililoko midomoni: pikipiki. Baada ya vita zimejaa mjini, na toleka nyingi zimeacha barabara. Pikipiki ni chombo cha faida kwa mwenye kazi ya mbali. Hatumkatazi mtu. Lakini tunataka ufikiri kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo utakaokatwa mshahara mwezi kwa mwezi.

Nyumba yako iko kilometa 6 kutoka langoni, tuseme. Kwa baisikeli, kwa mwendo wa pole wa kilometa 12 kwa saa, unafika kwa dakika 30. Kwa pikipiki, kwa mwendo wa kilometa 40, unafika kwa dakika 9. Umeokoa dakika 21. Umezinunua kwa kitu gani? Kwa petroli, kwa oili, kwa matairi, na zaidi ya yote kwa hatari.

Nguvu ya kishindo haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kishindo inakuwa mara nne. Mwili wako unaoanguka kwa mwendo wa kilometa 40 unabeba nguvu karibu mara 7 kuliko mwili huohuo unaoanguka kwa kilometa 15. Mtu wa baisikeli akianguka, mara nyingi anainuka amechunika magoti. Wa pikipiki mara nyingi anabebwa. Anayelipa ni mama na watoto, na mkopo unabaki palepale.

Haraka haraka haina baraka. Toka nyumbani mapema nusu saa, ndugu. Nusu saa hiyo haina riba.

BREKI: HAPA NDIPO PENYE MANENO

Tumesifu. Sasa tuseme ukweli mchungu, kwa sababu sifa bila ukweli ni udanganyifu.

Breki za baisikeli ya zamani ni dhaifu. Pale kiwandani zilitosha kwa mtu mmoja, kwenye barabara kavu, kwa mwendo wa pole. Vyuma virefu vinavuta vipande vya mpira kwenye rimu ya chuma inayong'aa. Rimu hiyo ikilowa, mpira unateleza juu yake kama mguu juu ya ganda la ndizi. Huku kwetu mvua haina likizo. Basi mtu asiyejua tabia ya breki yake wakati wa mvua, hajui baisikeli yake.

Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, unapita mita 5 na nusu kila sekunde. Kabla vidole havijakaza breki, sekunde moja imekwisha: umekwisha pita urefu wa motokari moja nzima. Ndipo breki inaanza kazi. Kama rimu imelowa, gurudumu litazunguka mara kadhaa kwanza, mpira ukikausha maji, kabla ya kushika. Nawe unaona nyuma ya lori ikikujia.

Fanya hivi. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema na kwa pole, kabla ya kufika penye hatari, ili rimu ikauke. Penye mteremko mrefu na wenye maji, shuka utembee. Usipake mafuta karibu na rimu hata tone moja. Vipande vya mpira vikiliwa mpaka karibu na chuma, tupa, nunua vingine. Kipande kilichokatwa kutoka tairi la zamani si breki. Wala kandambili inayoburuzwa chini si breki.

Na usiseme: «Mbele imekufa, lakini ya nyuma inashika.» Unapofunga breki, uzito wote unasukumwa mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Mwenye breki ya nyuma tu anatembea na nusu ya usalama wake, tena nusu iliyo ndogo.

GIZA HALINA RAFIKI

Mji wetu uko karibu sana na mstari wa ikweta. Kwa hiyo hatuna siku ndefu wala fupi. Mwaka mzima jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, na linazama saa kumi na mbili jioni na dakika zake. Kisha giza linaanguka upesi, kama mtu aliyezima taa.

Maana yake ni nini kwako? Kama zamu yako inaanza saa kumi na mbili asubuhi, basi kila siku ya mwaka unakwenda kazini gizani. Kama unatoka zamu ya jioni, kila siku unarudi gizani. Ulaya mtu anaweza kusema: ngoja mwezi wa sita, kutakuwa na mwanga. Hapa mwezi wa kusubiri haupo. Taa ni lazima siku zote.

Dereva wa lori haoni baisikeli nyeusi, yenye mtu mwenye koti jeusi, juu ya barabara yenye matope meusi. Wewe unaziona taa zake, ukadhani naye anakuona. Hakuoni. Tia taa mbele na taa nyekundu nyuma. Kama dinamo imekufa, tochi ndogo iliyofungwa kwenye usukani ni bora kuliko giza. Tia kiakisi chekundu kwenye matigadi ya nyuma, na ukisugue kila wiki, maana matope yanakipofusha. Fremu ipake rangi nyeupe penye mkia. Kitambaa cheupe begani hakigharimu kitu.

Jambo la pili la giza ni usingizi. Mtu anayetoka zamu ya usiku kichwa chake kizito. Baisikeli haina injini ya kumwamsha kwa kelele. Ukisikia macho yanafunga, shuka, nawa uso, tembea kidogo. Aliyelala juu ya usukani haamki kabla ya kuanguka.

Tena neno juu ya kofia. Kofia ngumu ya mgodini inakulinda na jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikuundwa kwa mtu anayeanguka ubavu au uso chini, na isipofungwa kidevuni inaruka kabla kichwa hakijagonga ardhi. Kofia ya baisikeli ni kofia nyingine. Mwenye kuipata aivae, na watoto waanze nayo.

MZIGO NA ABIRIA

Keria ya nyuma inabeba kila kitu: gunia la makala, dumu la mawese, mbao, na watu. Wote tumeona. Baisikeli ya chuma inavumilia, na uvumilivu huo ndio unaotudanganya. Fremu inaweza kubeba abiria, lakini breki haikuongezwa nguvu.

Hesabu tena. Wewe na baisikeli ni kilo 85. Ongeza abiria wa kilo 60, mmekuwa kilo 145. Kwa breki ileile, mtahitaji njia ndefu karibu mara 1.7 ili msimame. Penye mteremko na mvua, njia hiyo labda haipo. Ukiwa na mzigo, punguza mwendo kabla ya kushuka, usingoje kati ya mteremko.

Mama, sasa tunasema nawe. Unakaa kwa ubavu juu ya keria, mtoto mgongoni, kikwembe kinaning'inia. Spoki za gurudumu hazijui kikwembe wala mguu. Kikwembe kikikamatwa, gurudumu linafungwa mara moja na wote mnaanguka. Kusanya nguo, ibane chini ya mapaja kabla bwana hajaanza kukanyaga pedali. Mtoto mgongoni afungwe sawasawa, kichwa kisitoke nje.

Na mtoto anayekaa nyuma peke yake yuko katika hatari nyingine. Miguu yake mifupi haina pa kukaa, kwa hiyo inacheza karibu na spoki. Kisigino kikiingia, gurudumu linachuna ngozi, mara nyingine linavunja mfupa. Kidonda cha namna hiyo kinachukua wiki nyingi kupona. Dawa yake ni rahisi: vyuma viwili vya kukanyagia kila upande, na kipande cha bati au wavu kwenye gurudumu la nyuma. Fundi ataifanya kazi hiyo kwa saa moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

CHUMA NACHO KINAZEEKA

Chuma kizuri kinaishi miaka mingi, lakini hakiishi milele. Mara moja kwa mwezi osha baisikeli yako. Usiioshe kwa ajili ya urembo tu. Unapoosha ndipo unapoona. Tazama pale ambapo mabomba yanakutana chini ya usukani. Tazama pale penye pedali. Ukiona mstari mwembamba wa kutu, au rangi iliyopasuka kama unywele, hapo chuma kimeanza kukuaga.

Keria iliyopasuka, mpelekee fundi aichomelee. Bomba la nyuma pia, fundi mwenye mkono mzuri anaweza. Lakini uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu la kwanza, usiuchomelee. Nunua mwingine. Uma wa nyuma ukikatika utakaa chini ukicheka. Uma wa mbele ukikatika unatupwa uso chini bila nafasi ya kutoa mikono. Tunawaomba mafundi wetu wakatae kazi hiyo, hata mwenye baisikeli akisihi. Fundi anayesema «hapana» siku hiyo ameokoa mtu.

SHERIA INASEMA NINI

Wafanyakazi wengi hawajui jambo hili, na kutojua kunazitia familia hasarani. Sheria ya usalama wa jamii ya nchi yetu, ya tarehe 15 Julai 2016, kama ile ya mwaka 1961 iliyoitangulia, inahesabu ajali ya njiani kuwa ajali ya kazi. Yaani mfanyakazi akiumia akitoka nyumbani kwenda kazini, au akirudi, ana haki yake, hata kama alikuwa juu ya baisikeli yake mwenyewe. Anayeshughulikia mambo hayo leo ni CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS.

Lakini kuna sharti. Njia isiwe imekatizwa wala kugeuzwa kwa shughuli zako binafsi. Fikiri vizuri, ndugu. Wako wanaotoka kazini, wakapakia abiria wa kulipa, wakamfikisha mtaa mwingine ili kuongeza posho. Tunaelewa, maisha ni magumu. Lakini ukianguka huko, unaweza kuambiwa kwamba hukuwa tena katika njia ya kazi, na mama akabaki mikono mitupu. Rudi nyumbani kwanza. Kazi ya toleka iwe na saa yake.

Ukiumia njiani, hata kidogo, mjulishe kapita wako na ofisi ya wafanyakazi siku ileile. Taja mahali, saa, na watu walioona. Jeraha dogo la leo laweza kuvimba wiki ijayo, na bila taarifa hutakuwa na la kusema. Mama, wewe pia ulijue jambo hili, maana bwana akilala hospitalini ni wewe utakayekwenda ofisini.

TUNAYOWAOMBA WAKUBWA WA KAZI

Si haki kumpa mfanyakazi mashauri peke yake, kana kwamba barabara ni mali yake. Wakubwa nao wana sehemu yao. Tunasema kwa heshima, lakini tunasema.

Kwanza, pawe na banda la baisikeli karibu na lango, lenye paa na mlinzi. Mtu anayeogopa wizi haweki taa nzuri wala breki mpya. Anaacha chuma kitupu ili kisitamaniwe.

Pili, taa ziwekwe kwenye kipande cha barabara kinachofika langoni, na upande mmoja utengwe kwa watu wa miguu na wa baisikeli. Saa ya kubadilisha zamu malori yasubiri dakika kumi. Dakika kumi za lori ni rahisi kuliko siku moja ya msiba.

Tatu, koti lenye mistari ya kung'aa liruhusiwe kutoka nje. Mahali pengi sheria ni kuliacha ndani pamoja na vyombo vingine. Njiani gizani ndipo linapohitajiwa kuliko mahali pengi. Likipotea, akatwe aliyelipoteza, lakini asinyimwe aliye mwaminifu.

Nne, kantini iuze mipira ya breki, taa na viakisi kwa bei ya kununulia. Vitu hivi ni vidogo na havimtajirishi mtu, lakini vinapunguza idadi ya wanaolazwa.

Tano, siku ya mvua kubwa, anayefika amechelewa robo saa asikatwe mshahara. Adhabu ya kuchelewa inamfanya mtu ashuke mteremko bila breki. Kapita anayepiga kelele langoni hajui ni watu wangapi anawasukuma chini ya malori.

KAZI YA JUMAMOSI

Kata maneno haya, uyabandike ukutani karibu na baisikeli. Jumamosi, pamoja na mtoto wako mkubwa, angalieni hivi:

1. Matairi yamejaa, hayana mkato, na nyuzi zake hazionekani.
2. Breki zote mbili zinashika. Sukuma baisikeli na ukaze: gurudumu lisimame.
3. Spoki hazicheki. Zipige kwa kidole, iliyolegea utaisikia.
4. Uma wa mbele na mabomba hayana mstari wa kutu.
5. Mnyororo haujalegea, na suruali ina kibano.
6. Taa mbele, taa nyuma, kiakisi kimefutwa.
7. Kengele inalia.
8. Keria haitikisiki, na miguu ya mtoto ina pa kukaa.

Kazi hiyo inachukua robo saa. Mtoto akijifunza kwako, atajifunza pia kwamba baba yake anapenda kurudi nyumbani.

Ndugu mfanyakazi, baisikeli yako ya zamani haina haya ya kuonewa. Imebeba wazazi wetu, imeulisha mji wakati wa vita, na leo inaweza kukupeleka kazini bila deni na bila petroli. Inaomba kidogo tu: mpira wa breki, tone la mafuta, taa, na mtu asiye na haraka. Mpe mzee huyo heshima yake. Akikupeleka asubuhi, akurudishe jioni.

Usalama hauanzi langoni. Unaanzia mlangoni pako.

Safari njema, na salamu kwa wote wa nyumbani.